Masimulizi ya Mto: Waraka kwa Wanachama Wote

Kwa wanachama wa komini za Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, pamoja na wenzetu wa Lubuya-Bera na wa njia ya Ubundu.



Kamati ya chama chetu imenituma niwaandikie juu ya kazi tunayotaka kuifanya pamoja, nami nimeipokea kwa moyo wote. Tunataka kukusanya masimulizi ya kazi za kale zilizojengwa juu ya maji na kando ya maji katika mji wetu wa Kisangani na viunga vyake: mitego ya samaki ya Wagenia, baraji ya Tshopo, reli ya Ubundu na gati zake, mashini za mchele zilizonyamaza, nyumba za zamani za ukingoni ambazo mizizi imepasua sakafu zake. Hatuendi kupima kuta. Tunakwenda kusikiliza yanayosemwa juu yake: nani alijenga, nani alifia hapo, nani alihamishwa, nini kinaonekana hapo usiku, na kwa nini mama alikukataza kuoga mahali fulani.

Kuna watakaouliza: mji una shida ya umeme, ya maji safi, ya barabara, ya karo za watoto, hadithi za wazee zitatusaidia nini? Swali hilo ni la haki, na ninataka kulijibu kwa jambo lililotupata sisi wenyewe. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji huu. Mabomu zaidi ya 6,000 yalianguka juu yetu kwa siku sita, mamia ya watu wakafa, na daraja la Tshopo likawa moja ya sehemu zilizogombewa vikali. Kesi ya Kongo dhidi ya Uganda ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ilitoa hukumu ya fidia: dola milioni 325 kwa madhara yote ya vita katika nchi, wakati serikali yetu ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Someni hukumu ile. Tena na tena majaji wanasema ushahidi ulioletwa hautoshi. Watu walikufa kweli, nyumba zilibomoka kweli, lakini aliyeona hakuandikiwa, na aliyeandika hakuona. Tangu siku hiyo, sikubali tena kusikia kwamba kumbukumbu ni mambo ya starehe.

Turudi kwenye mto. Kati ya Ubundu na mji wetu kuna maporomoko saba, yanayojitandaza kwa kilomita zipatazo mia moja, na la mwisho ndilo hili letu la Wagenia. Juu yake mto unaitwa Lualaba, chini yake unaitwa Kongo. Wageni huja, hupiga picha ya mitego, hununua samaki, huondoka. Sisi tunapita juu ya baiskeli za toleka bila hata kugeuza shingo. Naomba safari hii tusimame.

Tazameni mtego unavyosimamishwa. Magogo marefu yanatolewa msituni, yanafungwa kwa kamba za msitu, matatu kwa pamoja, na miguu yake inaingizwa ndani ya mashimo ya mwamba palepale maji yanapochemka. Juu yake yanalazwa magogo mengine ya kutembelea, na chini vinateremshwa vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba, mdomo ukielekea kule maji yanakotoka. Samaki anayesukumwa na mkondo huingia, na nguvu ya maji yenyewe ndiyo inayomzuia kutoka. Mtu haungojei mto ulale. Anautumia ukiwa na hasira. Hesabu hiyo ya maji, ya kujua ni wapi mkondo unabana na ni msimu gani unapanda, haikuandikwa na mhandisi yeyote. Msafiri Stanley alipopita hapa Januari 1877 aliikuta tayari.

Mbao haidumu. Mto ukijaa huchukua magogo, na mwenye mtego huanza tena. Lakini familia ikiisha, au vijana wake wakienda Kinshasa au kwenye machimbo, hakuna anayesimamisha tena, na pale panabaki matundu tu ndani ya jiwe. Hilo ni gofu pia, tena ni gofu ambalo mtu anaweza kulikanyaga asijue. Kila nafasi katika maporomoko ina wenyewe, inarithiwa ndani ya ukoo, na hati ya urithi huo iko mdomoni. Mzee akifa bila kuulizwa, hati imezikwa naye. Kwa hiyo wanachama wa komini ya Kisangani na wa Lubunga, ninyi mlio karibu na Wagenia wa kingo zote mbili, kazi yenu ya kwanza ni mashimo yale yasiyo na magogo. Ulizeni ni ya nani, aliacha lini, na alipewa na nani.

Ninasisitiza hivyo kwa sababu mto huu umeandikwa sana, ila mara chache na watu wake. Stanley aliandika kitabu chake mwaka 1878. Joseph Conrad alifika kituo cha Stanley Falls, kilichokuwa hapa petu, mwaka 1890 akiwa baharia, na mwaka 1899 akatoa hadithi ambayo dunia nzima inaisoma hadi leo. John Huston alikuja mwaka 1951 na wasanii wake kupiga filamu ya African Queen kwenye mto Ruiki, kusini mwa mji. V. S. Naipaul akaandika riwaya yake ya 1979 juu ya mji usiotajwa jina, ambao kila mwenyeji akiufungua anautambua. Katika sehemu kubwa ya kazi hizo mwenyeji wa ukingoni hupita mbali, akipiga kasia au akipiga kelele, hana jina wala babu.

Hata kwa Kiswahili hali si tofauti sana. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip aliyefanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887 kwa makubaliano na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili safi kabla hajafariki Zanzibar mwaka 1905, na simulizi hilo ni moja ya habari za maisha za kwanza kabisa katika lugha yetu. Ni hazina, na kila mwanachama anayeweza kulipata alisome. Lakini ni simulizi la bwana mwenye bunduki na pembe. Mpunga ulioenea katika nchi yetu pamoja na Wangwana, watu wa misafara yake, nani aliupanda, nani aliutwanga, mama yupi alibebeshwa mchi mbali na kwao? Hilo bwana hakulisimulia. Wajukuu wa mama hao wako hapa mjini, wengine ni wanachama wetu, na bado kuna bibi anayeweza kusema alichoambiwa na bibi yake.

Sasa niseme juu ya mamba muntu, kwa kuwa najua hapo ndipo wengi wenu mtakapoona haya.

Mto Tshopo unapita kaskazini mwa mji kuelekea Lindi, na Lindi ndio unaoingia mto mkubwa chini kidogo ya Kisangani. Kwenye maporomoko ya Tshopo Wabelgiji walijenga baraji na kituo cha umeme katika miaka ya 1950, na baadaye mtambo wa tatu ukaongezwa. Nguvu yake yote haifiki megawati 20. Kazi ya baraji ni ileile ya kinu cha maji cha zamani: maji yanaanguka, gurudumu linazunguka, mtu anapata nguvu ambayo mikono yake haina. Na popote mtu alipoyafunga maji, hadithi zilizaliwa. Sisi tumekuzwa na hadithi ya mamba muntu, mwanamke wa majini, mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, anayetoa mali na kudai roho ya mtu wa nyumbani kwako. Picha zake zilichorwa na wachoraji wetu na kutundikwa katika sebule nyingi za Kongo. Mashini ikiharibika, kuna atakayesema vipuri vimekosekana na kuna atakayesema mwenye maji hakupewa haki yake.

Msicheke, wala msikemee, na wala msisahihishe. Andikeni. Sisemi tuamini kila kitu. Kila mmoja wetu ana dini yake na akili yake. Ninasema kwamba hadithi ya namna hiyo mara nyingi imebeba mzigo ambao mtu hakuruhusiwa kuubeba waziwazi. Angalieni kule Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Watonga wapatao 57,000 waliondolewa katika bonde la Zambezi ili ukuta wa baraji ujengwe. Wakasema Nyaminyami, mwenye mto, hatakubali kutengwa na mke wake na ukuta ule. Mwaka 1957 mto ukafurika na kuharibu kazi, na 1958 ukafurika tena kwa nguvu zaidi. Ukuta ulimalizika mwaka 1959, na wahandisi wakaendelea na mambo yao. Lakini leo mtu akitaja Nyaminyami, nyuma yake anakutana na makaburi yaliyofunikwa na maji na mashamba yaliyopotea. Bila mwenye mto yule, wangapi duniani wangekumbuka kwamba pale palikuwa na watu?

Basi mzee akikuambia kwamba kabla ya kujenga baraji ya Tshopo ilibidi kitu fulani kitolewe, usimkatize kumwambia hilo haliwezekani. Muulize: nani alikuwa akifanya kazi pale? Walilala wapi? Walilipwa nini? Aliyezama aliitwa nani, na alizikwa wapi? Utaona hadithi inafunguka, na ndani yake mna majina ya watu wa kweli.

Reli ya Ubundu ina uzito wa namna nyingine, na hapa naomba mniazime masikio. Ilijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita na kufunguliwa mwaka 1906, kilomita 125 kutoka ukingo wa Lubunga hadi mahali palipoitwa wakati huo Ponthierville, ili mizigo iyazunguke maporomoko ambayo meli haiwezi kuyapanda. Wajukuu wa waliobeba mataruma yale wako njiani kote, Wakumu na wengineo. Lakini ukimuuliza mtu wa njia ile juu ya reli, huenda asianze na 1906. Ataanza na 1997. Aprili ya mwaka ule wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamejaa kando ya reli, huko Kasese na Biaro, na wengi sana waliuawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliochapishwa mwaka 2010 umeyaeleza hayo. Wenyeji waliona, wengine walilazimishwa kushika majembe, na wengi wao hawakuwahi kuulizwa na mtu waliyemwamini.

Kwa habari za namna hii sitaki haraka. Mwanachama asiende peke yake, asiende na simu mkononi kama anayekwenda kupiga picha za harusi. Mtu akisema hapa nanyamaza, mnyamazie. Jina lake lisiandikwe kama hataki. Kuna mambo ambayo yakitoka mdomoni leo yanaweza kumletea mtu matatizo kesho kwa jirani yake, na hakuna daftari lenye thamani kuliko usalama wa mtu. Vilevile yako mambo ya ukoo na ya mizimu ambayo wazee wa Wagenia hawapendi yatoke nje. Wakisema hili si la kuandika, tunafunga kalamu.

Mtaniuliza tumeitoa wapi fikra ya kuwatumia watoto wa shule, kwa maana kamati inapendekeza hivyo. Imetoka mbali, katika nchi ndogo ya Ireland, nayo ilitawaliwa na jirani yake kwa karne nyingi hata lugha yake ikaanza kupotea. Mwaka 1935 serikali yao iliunda tume ya kukusanya mapokeo ya wananchi. Kuanzia 1937 tume hiyo iliwageukia watoto wa shule za msingi, wa miaka kama 11 hadi 14, ikawapa madaftari na kuwatuma nyumbani: muulize babu, muulize jirani mzee, andika alivyosema. Watoto wapatao 50,000 wa shule zipatazo 5,000 walifanya kazi hiyo. Waliandika juu ya hazina zilizofukiwa, dhoruba kubwa, dawa za miti, makaburi ya kale, na vinu vya maji vilivyobaki kuta mbili na gurudumu lililooza kijitoni: msagaji alikuwa nani, walileta nafaka gani, kwa nini gurudumu lilisimama, na nani alionekana pale baada ya giza. Zikapatikana kurasa zipatazo 740,000, na leo zimehifadhiwa University College Dublin. Ireland ya miaka ile haikuwa tajiri. Walitumia kalamu na madaftari ya shule, na walimu waliokubali kutoa muda wa masomo kwa ajili hiyo.

Walimu tunao. Wanachama wengi wa chama hiki hushika chaki kila asubuhi, mshahara ukija na usipokuja. Kwenu ninyi ninaleta ombi hili kwa heshima kubwa, maana najua mnachobeba tayari. Mtoto anayemuuliza bibi yake jambo hupata jibu ambalo mimi na wewe hatutalipata, kwa sababu bibi hamwogopi wala hamshuku kwamba ametumwa na serikali.

Wala tusidhani jambo hili halijawahi kufanyika kwetu. Kule Yakusu, chini ya mto, mmisionari Mwingereza John Carrington alijifunza ngoma za Walokele zinazosema kama mtu, akaweza kuzipiga yeye mwenyewe, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu yake. Baadaye alifundisha katika chuo kikuu chetu hapa mjini. Yeye mwenyewe alieleza kwamba watoto wa shule walikuwa wakiiacha ngoma. Leo ukitaka kujua maneno kamili yaliyopigwa kutangaza mtumbwi au msiba, sehemu kubwa utaipata katika maandishi yake. Namshukuru. Lakini naona uchungu kwamba tuliiacha kazi hiyo ifanywe na mgeni wakati babu zetu walikuwa hai na sisi tunajua kusoma.

Juu ya namna ya kuandika nina machache. Mpeleke mzee mahali penyewe kama miguu yake inaruhusu, maana mkono unaonyesha mambo ambayo ulimi umesahau. Akifika kwenye jiwe atasema jina la jiwe. Andika kwa lugha aliyoitumia kusimulia, iwe Kiswahili chetu cha hapa, Kilokele, Kikumu, Kienya au Lingala, na usiigeuze kuwa Kifaransa cha ripoti. Swali la kwanza na la mwisho ni moja: wewe ulilisikia kwa nani? Wazee wawili wakipingana, andika maelezo yote mawili na usimchague mshindi. Atakayesoma baada ya miaka hamsini ndiye atakayelinganisha, akiwa na nyaraka ambazo sisi hatuna. Andika tarehe, mtaa, umri wa msimulizi kama anaujua. Na usiende mikono mitupu. Sukari kidogo au sabuni si malipo, ni adabu.

Mashini za mchele na nyumba za ukingoni nimezitaja kwa haraka kwa sababu kila mtaa una yake, na ninyi mnazijua kuliko mimi. Wenzetu wa Mangobo na Kabondo waamue wenyewe waanze na ipi.

Madaftari yatakayojazwa yaletwe kwa katibu wa komini, naye atayanakili mara mbili: nakala moja ibaki kwa familia iliyosimulia, nyingine itunzwe na chama. Daftari la asili lirudi kwa mwanafunzi aliyeandika. Tutaomba maktaba ya Chuo Kikuu cha Kisangani ituhifadhie nakala hizo za chama, lakini hatutasubiri jibu la mtu yeyote ndipo tuanze.

Kila mmoja wenu ana mzee nyumbani au nyumba ya tatu kutoka kwake. Nendeni kwake wiki hii, mkae chini, mmuulize juu ya maji.

Wenu katika kazi,
Katibu